Mashine ya Kuenea Chini ya Kabati

Nimekabidhi funguo za jiko Ijumaa. Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshatoka nyumbani Ruhuwiko, nimesimama mlangoni kwenu kwenye nyumba ya wageni Mjimwema, nauliza kama mlikumbuka kufunga gesi. Mlikuwa mmefunga. Mkanipa chai, mkacheka, mmoja wenu akasema, "Mama Tito, wewe pumzika sasa. Hayo mambo yako ya zamani unayotusimulia nusunusu tuandikie, tutasoma." Haya, nimekaa naandika. Ya vyeo na mishahara sitaandika. Niliingia mpishi, nikatoka mpishi mwenye funguo nyingi. Nitaandika zaidi juu ya mashine ya kahawa, maana ile mpya mliyoletewa juzi naona mnaibonyezabonyeza kama redio, na mimi kila nikiitazama roho inanidunda.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, najua. Najua pia kwamba nikitoka tu mnaniigiza: "Umeangalia? Hebu angalia tena." Igizeni tu. Kabla yangu jiko lile liliwaka moto mara mbili, na tangu nilipoingia halijawaka hata mara moja.

Siku yangu ya kwanza niliunguza wali wa wageni sita kwa sababu nilikuwa nje naangalia kama kuku wamefungiwa. Nyumba ile ya wageni wakati huo ilikuwa ya ushirika. Baadaye zikaja zile siku za ruksa, kila mtu akaruhusiwa kununua na kuuza, kampuni binafsi ya kahawa ikaichukua nyumba pamoja na masufuria, na mimi nikachukuliwa humohumo. Jiko lilikuwa stoo ya magunia zamani. Mtu mmoja akichuchumaa kufungua friji, wa pili lazima atoke nje. Meza ya saruji ilikuwa fupi, na fundi aliyepigilia kabati la ukutani nadhani alijipima yeye mwenyewe, naye alikuwa mfupi kweli. Soketi ilikuwa moja, na hiyo moja ilikuwa ya friji.

Aliyenifundisha kuheshimu soketi ni Bradha Gaudensi, mtawa wa Hanga, mzee mwembamba mwenye bisibisi tatu kwenye mfuko wa kanzu. Alikuja kila baada ya wiki mbili kutazama nyaya zetu, maana umeme wa mji siku hizo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, ukaja kwa kupanda na kushuka, na vitu viliungua. "Chombo usichokiamini kiguse kwa mgongo wa mkono," aliniambia. "Ukikigusa kwa kiganja na kina umeme, mkono unang'ang'ania." Hadi leo nagusa hata pasi iliyochomolewa kwa mgongo wa mkono. Ndiye pia aliyenionyesha kukaanga kahawa kwenye kikaango cha chuma, kidogokidogo, ukikoroga bila kupumzika, ingawa yeye mwenyewe aliipenda chai.

Sisi sote tulikunywa chai, na hilo mlielewe mapema. Mimi ni Mmatengo, nimezaliwa kwenye kahawa. Nimeichuma nikiwa bado sijui kufunga kanga. Lakini nyumbani kwetu kahawa ilikuwa kitu cha kuchuma, kumenya, kuosha, kuanika na kupeleka. Hakuna aliyefikiria kuinywa. Asubuhi mama alichemsha majani ya chai ya dukani kama watu wengine.

Sasa, mwaka mmoja, msimu umeshaanza, Bwana Hyera alikuja jikoni. Huyu ndiye alikuwa meneja wetu, mtu wa mafaili mengi na maneno machache. Meneja akija jikoni mwenyewe ujue kuna jambo.

"Mama Tito, baada ya wiki tatu tuna mgeni. Mnunuzi kutoka nje."

"Anakula nini?"

"Kula atakula chochote. Shida ni kahawa."

"Ya kopo tunayo."

Alinitazama mpaka nikaona haya. "Mtu anakuja Songea kununua kahawa, wewe umpe ya kopo?"

Akanieleza kwamba huko kwa mgeni watu wanakunywa kahawa inayoitwa espreso. Unga wa kahawa unashindiliwa kwenye kichujio chenye mpini, halafu mashine inasukuma maji ya moto kwa nguvu yapite humo. Mgeni huyu alikuwa ameshasoma karatasi za waonjaji, lakini hazikumtosha. Alitaka kuionja kahawa hukuhuku, kwa namna ileile watakavyoinywa wateja wake. "Kwa hiyo tafuta mashine," akasema. "Ndogo, ya nyumbani, ya kuenea humu ndani. Jiko ni lako, uchague wewe."

"Ni kahawa ya nani anayokuja kuionja?"

"Ya kile kikundi cha milimani. Cha kaka yako."

Nilikaa juu ya ndoo. Kaka yangu Severini na wenzake walikuwa wameuza kahawa ikachanganywa na ya kila mtu tangu wanapata akili zao, na misimu miwili kabla ya hapo walikuwa wamevunjika moyo kabisa. Walikubaliana wajaribu mara moja ya mwisho: wachume nyekundu tupu, waioshe vizuri, waianike juu ya vichanja, iuzwe peke yake kwa jina lao. Majirani waliwacheka sana kwa kuchambua punje moja moja. Na walikuwa wameapa kikaoni kwamba ikikataliwa, mibuni yote inang'olewa, panapandwa mahindi. Wengine kule walikuwa wameshang'oa. Kaka aliniambia kwa mdomo wake, "Tukikataliwa, Agripina, nitaanza na ile ya baba, ili nisirudi nyuma." Ile ya baba iko nyuma ya nyumba yetu. Aliipanda kwa mkono wake mimi nikiwa mgongoni kwa mama, na baba mwenyewe tulikuwa tumeshamzika.

Basi mnielewe. Kwa Bwana Hyera ile ilikuwa mashine ya jikoni. Kwangu mimi ilikuwa mibuni ya baba, na niliogopa tangu dakika ile.

Niliazima futi ya fundi cherehani nikapima. Kati ya friji na jiko la gesi palikuwa na sentimita thelathini na nane. Kutoka juu ya meza hadi chini ya kabati, arobaini. Nikapima tena baada ya chakula cha mchana, kama vile ukuta ungesogea. Nikaandika kwenye mkono kwa kalamu, nikaenda sokoni kwa Bwana Mtalika.

Huyu alikuwa mtu wa Tunduru. Aliacha biashara ya korosho akafungua duka la vitu vya umeme, na katika zile siku za ruksa duka lake lilijaa vitu ambavyo nusu yake hata yeye hakujua kazi yake. Alikuwa mkweli, lakini alipenda kusifu.

"Habari za asubuhi, Bwana Mtalika."

"Alhamdulillahi, Mama Tito, karibu, karibu. Leo pasi?"

Nikamweleza. Akakuna ndevu. Hapa Songea haipo, akasema, lakini alikuwa na jamaa Dar es Salaam anayenunua vitu vya wageni wanaohama. Angemwambia atume zote atakazopata, mimi nichague, zilizobaki juu yake. "Siku tisa, kumi. Inshallah."

Hizo siku tisa sikulala vizuri wala kula vizuri. Niliogopa basi lisipinduke na mashine. Niliogopa mashine isije na nyufa. Halafu nikaanza kuogopa kwamba itafika salama na mimi sitaijua. Bradha Gaudensi alipopita, nikamwambia, "Tumsifu Yesu Kristo, Bradha, mimi nitaugua."

"Milele amina. Huugui. Tafuta boksi."

"Boksi la nini?"

"La ukubwa wa mashine unayoitaka. Liweke pale utakapoiweka, upike siku mbili. Chombo kigeni jikoni, ishi kwanza na boksi lake."

Nikakata boksi la sabuni, nikaliunga kwa gundi ya ugali, nikaliweka mezani. Lo! Ndani ya saa moja nilijua mambo ambayo futi haikunieleza. Boksi likiwa karibu na jiko la gesi, mvuke wa maharage unaliloanisha. Likiwa karibu na friji, mlango wa friji unaligonga. Nilikuwa nataka upana wa thelathini, nikaona thelathini ni nyingi, nikalipunguza mpaka ishirini na tano. Siku ya pili Bwana Hyera alichungulia akauliza boksi lile lina nini. Nikamwambia halina kitu. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Mashine zikafika, tatu, zimefungwa kwa magazeti na mashati ya mitumba. Bwana Mtalika alizipanga juu ya kaunta, wateja wake wakakusanyika. Nikaja na boksi langu chini ya kwapa.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya kung'aa mwili mzima, ina mkono mrefu wa kuvuta kama pampu ya kisima. "Wallahi hii ndiyo mashine," akasema Bwana Mtalika. "Mgeni akiiona tu, amenunua."

"Mgeni hanunui mashine, Bwana Mtalika, ananunua kahawa."

Lakini hata Bwana Hyera, aliyepita mchana kuiona, aliipenda hiyohiyo. Akasema inaleta heshima. Mimi sikuwa na mazoea ya kumbishia meneja. Nikamwambia, "Bwana Hyera, hii ikiingia jikoni, mimi natoka. Hatuenei wote." Watu wakacheka, akacheka na yeye, nikapona.

Ya pili ilikuwa ndogo kuliko birika, nyepesi, ya bei nafuu, na ikiingia kwenye boksi langu nafasi inabaki. Moyo ukaniambia chukua hiyo, nenda zako. Nilimshukuru Mungu kwamba Bradha Gaudensi alikuwa mjini siku ile. Aliigeuza juu chini, akafungua skrubu nne, akachungulia. "Hii haina pampu," akasema. "Inachemsha maji, mvuke ndio unasukuma. Haisukumi, inapumua tu. Kama mgeni anataka ile ya kusukumwa kwa nguvu, hii itakuaibisha."

Ikabaki ya tatu. Ilikuwa nyembamba, ya plastiki rangi ya maziwa yaliyokaa, imekwaruzwa ubavuni, haipendezi hata kidogo. Lakini pampu ilikuwa nayo, na tangi la maji lilikuwa nyuma, linatoka kwa mkono mmoja kwenda kuoshwa. Upana sentimita ishirini na mbili, kimo thelathini na nne. Nikauliza maswali yangu mpaka Bwana Mtalika akakaa chini. Joto linatokea wapi, juu au ubavuni? Ule mpini ukiufunga unazunguka kwenda kulia au kushoto? Nilijifanya niko jikoni, nikamweka Bwana Mtalika mwenyewe asimame kuume kwangu awe friji, nikazungusha mpini. Ukampita tumboni bila kumgusa. "Mama Tito," akasema, "mimi nina umri huu sijawahi kuwa friji."

Bradha alisoma kibati kilichokuwa chini yake. Akasema inakula wati elfu moja, kwa soketi yetu ni mzigo. Alikata plagi yake ya miguu miwili ya mviringo akafunga yetu ya miguu mitatu, na waya wa tatu akaupeleka kwenye bodi ya chuma ndani, ili hitilafu ikitokea umeme uende ardhini usije kwangu. "Nitakuongezea soketi ya pili, lakini ukiwasha hii, zima friji," akaniambia. "Ukisahau, mgeni atakunywa kahawa gizani."

Nikaichagua. Nikaibeba mwenyewe mpaka Mjimwema, sikumwamini mtu. Nikaiweka mahali pa boksi, ikaenea kabisa, nikapiga vigelegele peke yangu. Halafu nikataka kujaza maji. Kifuniko cha tangi kinafunguka kwenda juu. Kikagonga kabati kikakwama, hata mdomo wa jagi haupiti. Tangi nalo lilitoka kwa kulivuta juu, nalo likagonga. Nilikuwa nimepima chombo kilichofungwa, nikasahau kwamba chombo kinafunguliwa. Nililia, siwafichi. Kisha nikatafuta kipande cha mbao, nikagundisha kitenge chini yake, mashine ikakaa juu ya mbao. Ukitaka kujaza unaivuta mbele taratibu, ukimaliza unairudisha. Kwa hiyo mkimpimia mtu chombo cha jikoni, pimeni kikiwa kimefunguliwa midomo yote.

Zilibaki siku tano. Kahawa kidogo ya kikundi cha kaka niliikaanga kama Bradha alivyonionyesha, nikaitwanga. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha lugha ambayo hata Bwana Hyera hakuijua, lakini kilikuwa na picha. Kwenye picha kikombe kilikuwa kidogo, na mimi nikaona ni kwa sababu picha yenyewe ni ndogo. Ndani ya shati la mitumba vilikuja pia vikombe viwili vya udongo mweupe, vidogo mno, vya kutosha yai. Nikafikiri, nikafikiri, nikajua ni vipimo vya unga. Nikawa napimia unga wa kahawa.

Kwetu kikombe cha mgeni hakipelekwi nusu. Mama yangu alikuwa akinirudisha jikoni mbele ya watu kama nimeleta kikombe chenye ukingo mkavu. Basi nikaweka chini ya mashine vikombe vyetu vikubwa vya maua, vya wageni wa heshima, nikaacha pampu ingurume mpaka kikombe kijae. Ilichukua muda mrefu, mashine ikitetemeka. Nikaonja. Jamani! Chungu, nyepesi, ina ladha ya kijiti kilichoungua. Lakini ningejuaje? Sikuwahi kuinywa. Nikamwonjesha Bradha, akakataa: "Mimi najua nyaya, mama." Nikampa Bwana Hyera. Akatia vijiko vinne vya sukari, akameza, akasema, "Ina nguvu." Nikajipa moyo kwamba nguvu ndiyo inayotakiwa.

Siku ikafika. Kaka Severini alikuja asubuhi na wazee wawili wa kikundi, amevaa koti la harusi yake. Tukasalimiana, nikamwambia shikamoo kaka, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Iko tayari?" Nikasema iko tayari. Nilikuwa nimezima friji tangu alfajiri, nikaenda kuangalia mara nne kama nimeizima.

Mgeni alikuwa kijana, mrefu, mpole, ana daftari dogo. Walikaa sebuleni: yeye, Bwana Hyera wa kutafsiri, kaka na wazee. Mimi nikaleta kikombe cha maua, kimejaa mpaka ukingoni, sikumwaga hata tone. Nikasimama mlangoni pa jiko kuona.

Akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akanywa kidogo. Uso wake haukusema kitu, ila koo lilikataa, nililiona likikataa. Akanywa mara ya pili, akakiweka chini polepole, akaandika neno moja kwenye daftari.

Mmoja wa wazee akamnong'oneza kaka, "Hatukuonja kwanza." Na kweli. Kwetu mwenyeji ndiye anayeanza kuonja kinywaji, iwe togwa iwe pombe, ili mgeni aone hakina ubaya. Kwa sababu ya hofu yao wote walikuwa wamesahau. Na mgeni akikiacha kinywaji, mwenyeji anapaswa kunywa kutoka kikombe kilekile ajue kisa ni nini. Kaka Severini akanyoosha mkono, akasema "Samahani," akakichukua kikombe mbele ya mgeni, akanywa.

Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini. Tangu anajua kutembea alikuwa kwenye kahawa, na lile ndilo lilikuwa funda lake la kwanza. Nilimwona anameza kwa shida. Akatazama ndani ya kikombe. "Hii ndiyo kahawa yetu?" akauliza. Akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Bwana Hyera, mwambie mgeni tunaomba radhi. Tumemtoa mbali bure. Sisi hatukuwahi kuionja, hatukujua kwamba iko hivi." Wazee nao wakasimama. Mmoja akasema, kama anayejisemea, "Basi mahindi."

Mimi nilijua nikinyamaza hakuna atakayejua. Lawama ingebaki kwenye kahawa, mimi ningebaki na kazi yangu. Na nikisema, meneja atajua kwamba nimechagua mashine, nimefanya mazoezi siku tano, na bado sijui ninachofanya. Nikasikia mtu anasema, "Kosa ni la jikoni." Alikuwa ni mimi.

Bwana Hyera akageuka. "Unasema nini, Mama Tito?"

"Mwambie mgeni kahawa haina kosa. Ni mimi. Mashine hii sikufundishwa na mtu, nimeisoma kwenye picha. Mwambie kama anajua, anionyeshe. Asiandike tena kwenye daftari kabla hajanionyesha."

Bwana Hyera akatafsiri, sijui kama alitafsiri yote. Mgeni akasimama, akaja moja kwa moja jikoni kwangu. Mgeni, mwanamume, jikoni! Wazee walishika vinywa. Tulienea wawili tu humo ndani, wengine wakabanana mlangoni. Akaitazama mashine akaitikia kwa kichwa kwamba ni nzuri, hilo nililiona nikalishika. Kisha akaviona vile vikombe viwili vidogo vimejaa unga. Akacheka, si kwa dharau. Akamwaga unga kwenye sahani, akakisuuza kimoja, akakiweka chini ya mashine, pale ninapoweka cha maua. Akanielekeza kwa kidole: hiki.

Akashindilia unga, akafunga mpini, akawasha, akanionyesha saa yake ya mkononi. Ikatoka kamba nyembamba, nzito, rangi ya asali ya msituni. Na harufu ikaja ambayo sijawahi kuisikia jikoni mle. Mimi sikuwa na saa. Nikasali Salamu Maria kimoyomoyo, moja, ya pili, na ya pili ilipoisha akazima. Kikombe hakikuwa kimejaa. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kuwasha tena, akaushika taratibu akausogeza. "Basi," akasema. Neno hilo alikuwa analijua.

Akataka kunywa. "Hapana," nikamwambia Bwana Hyera, "safari hii mwenyeji kwanza." Mgeni akaelewa hata kabla ya kutafsiriwa, akampa kaka kile kikombe juu ya vichwa vya watu.

Kaka akakinywa mara mbili, kikaisha. Mgeni akajitengenezea kingine, akanywa, akafumba macho, akafumbua, akamwuliza Bwana Hyera magunia yako wapi. Akasema atayachukua yote, kwa jina lao, na mwakani pia.

"Kwa hiyo hatung'oi?" akauliza yule mzee wa mahindi.

"Hamng'oi," akasema Bwana Hyera.

Wazee wakapiga makofi, wakamkumbatia mgeni pale mlangoni mpaka daftari likaanguka. Mimi nikakaa juu ya ndoo. Kaka Severini alikuwa bado ameshika kikombe kitupu, hacheki na wenzake. Akajipenyeza akaingia jikoni.

"Agripina."

"Abee, kaka."

"Baba alikuwa nayo hii miaka yote. Pale nyuma ya nyumba."

"Ndiyo, kaka."

"Amekufa hajaionja."

Nilikichukua kikombe mkononi mwake, nikakisuuza, nikamwekea kingine.